Baba wa Malkia Anthusa

Nyumba ya Watawa, Markesrode
Mwisho wa mavuno ya tufaha

Kwa mdogo wangu Dedi, mwenye ngome na watu,

Amani ya Mungu ikukute mzima, wewe na mkeo na watoto. Nimesikia yule farasi wako mweusi amekuangusha na bega limeteguka. Natumai limekwisha kurudi mahali pake, maana nakujua ukiugua: nyumba nzima huugua nawe. Sisi huku afya yetu ni ya kadiri. Mvua zimewahi, kabichi za upande wa mtoni zimeoza, na miguu ya Mama imevimba kama kila mwaka wakati huu. Mama anakusalimu. Salamu zake safari hii ni nyingi kuliko kawaida, na nitazifikisha zote, ila kwa mpango wangu mimi.

Barua hii isome mwenyewe. Usimpe padri wako aisome mezani huku watu wanatafuna. Herufi nilikufundisha mimi, ukinipiga mateke chini ya benchi, na najua unaziweza ukitaka.

Esiko, mtumishi wako wa miaka yote, na wenzake watakuwa wamekwisha fika kwako. Atakuwa amekwambia kwamba amerudi mikono mitupu, na ulipomwuliza kwa nini, atakuwa ametazama viatu vyake. Usimpige. Alifanya ulichomtuma mpaka pale ambapo mtu aliyezaliwa na mwanamke hawezi kuendelea. Yaliyotokea nitakueleza mimi.

Tangu Kaisari alipofariki, na Malkia Anthusa akashika hatamu kwa niaba ya mwanawe mdogo, hatujala mlo mmoja kwa amani katika nyumba hii. Ubishi ni ule ule unaozunguka kwenye kumbi zenu. Kaisari mzee, baba wa huyo marehemu, alituma wajumbe Konstantinopoli kumwombea mwanawe binti wa Kaisari wa kule, aliyezaliwa ndani ya kile chumba cha zambarau wanamojifungulia wake wa Makaisari. Akaletewa Anthusa, na mizigo ya hariri, na mifupa ya watakatifu, na maneno mengi matamu, ila hakuna aliyesema wazi baba wa huyu msichana ni nani. Wengine mezani petu husema ni mpwa wa Kaisari aliyenyakua kiti. Wengine husema ni wa upande wa mke wa Kaisari huyo tu. Ricburg, ambaye ndiye anayeshika funguo wakati mkuu wa nyumba yetu akiwa safarini, yeye husema ni mtoto wa mchunga farasi. "Tuliagiza hariri, tukafungiwa gunia," husema, na watu wake hucheka kila mara kama hawajawahi kulisikia. Mwezi uliopita mtawa mmoja alimmwagia mwenzake uji wa shayiri kwa ajili ya babu wa Malkia, babu ambaye wote wawili hawamjui hata jina.

Na hakuna aliyemchukia Malkia kama Mama yetu. Wewe ulijua hilo, na nadhani lilikupa moyo. Habari zikifika kwamba Malkia anaoga kila siku, Mama alikuwa akisema mwanamke anayeoga kila siku kuna kitu anataka kimtoke. Habari zikifika kwamba anakula kwa kijiti cha dhahabu chenye meno mawili, Mama alikuwa akisema basi vidole vyake havimwamini.

Mimi mwenyewe simpendi, usije ukadhani nimenunuliwa. Alipopita hapa mwaka ule wa mafuriko alinitazama mikono kama mtu anayekagua kwato. Amewapa maaskofu mashamba ambayo yalikuwa ya watu wetu. Nina mambo mengi ya kumsema. La baba yake halimo.

Sasa, Leontia. Wamjua, au umesikia habari zake: yule mama mzee wa Kigiriki aliyekuja na Malkia kama yaya wake, akaugua njiani miaka mingi baadaye, akaachwa kwetu afe. Hakufa. Amelala chumba cha wagonjwa akitutukana. Lugha yetu anaijua kuliko Esiko, ila anaitumia kwa matusi peke yake. Siagi yetu anasema ni jasho la ng'ombe. Bia yetu anasema imekwisha pita ndani ya mtu mmoja kabla haijafika kwake. Na kitanda kilicho kando yake, tangu miguu ilipomzidi, ni cha Mama. Miaka miwili wawili hao wamegombana kuhusu dirisha, mmoja alitaka lifunguliwe na mwingine lifungwe, na hawajawahi kuambiana neno moja lisilo na mwiba.

Kwa hiyo Esiko alipofika na watu wako wanne na Padri Bruning, akasema Bwana Dedi anataka ushahidi wa yaya kabla ya baraza la sikukuu ya Mtakatifu Martin, ambako mabwana watamjadili Malkia, Ricburg alifungua mlango kabla hawajamaliza kushuka farasi. Ulichagua wakati vizuri. Ulijua mkuu wetu hayupo.

Padri alikaa kwenye kigoda akamwuliza Leontia kwa upole, nikiwepo: Malkia Anthusa ni binti wa nani? Leontia akajibu bila kuinua kichwa kwamba ni binti wa Kaisari. Padri akaandika. Akamwuliza ni Kaisari yupi. Leontia akasema, ah, alikuwa amesahau, ni binti wa amiri jeshi mmoja mwenye jicho moja. Padri akafuta, akaandika. Kisha akauliza jina la huyo amiri, na Leontia akasema hapana, sasa amekumbuka vizuri, baba yake alikuwa mpishi, tena mpishi mzuri, si kama wa hapa. Padri akaweka kalamu chini akamwuliza ni yupi kati ya hao watatu.

"Chagua wewe," Leontia akamwambia. "Mnunuzi si wewe?"

Mmoja wa watu wako alicheka. Esiko hakucheka. Akasema agizo lako lilikuwa wazi: mzee akileta mzaha, ashikishwe chuma cha moto mbele ya mashahidi, aape, mkono ufungwe, na ukifunguliwa ukiwa na usaha basi amesema uongo na Malkia si wa damu ya Kaisari. Nilisimama nikasema mkono wa mtu wa umri ule huoza kwa kuchomwa na mwiba wa waridi, seuze chuma. Nikasema kwamba hiyo si kutafuta kweli, ni kuinunua ikiwa imekwisha pikwa. Ricburg akanijibu mbele ya wote, "Mungu hana habari na umri, Frederun." Akatoa ruhusa ya kuchukua makaa jikoni. Wakaagana iwe kesho yake baada ya Misa.

Dedi, nataka ujue kwamba nilimtazama Padri wako kwa muda mrefu na hakuweza kunitazama.

Mchana ule nilikaa na Leontia. Mama alikuwa kitandani kwake, amegeukia ukuta, nikadhani amelala. Nilimsihi mzee awape wanachotaka. Nikamwambia aseme mchunga farasi, aseme mpishi, aape juu ya kitabu bila chuma, mambo yaishe. Malkia yuko mbali, na hajamletea hata shuka tangu alipomwacha hapa.

Alinitazama kama natoka kumwaga maziwa. Akasema, "Nyie mnadhani nina siri. Ningekuwa nayo ningekuwa nimeiuza zamani, ninunue mafuta ya zeituni."

Kisha akanieleza. Alisema kulikuwa na majira kule kwao ambapo kiti kilibadilishwa kwa upanga, na nyumba nyingi za wakubwa zikafagiwa, baba na wana, na watoto wa kike wakapelekwa wasikojulikana. Asubuhi moja katika siku hizo mwanamke mmoja alifika lango la jikoni la jumba la wanawake wa Kaisari, amebeba mtoto wa kike wa kama miaka mitatu aliyeviringishwa blanketi la farasi. Hapo ndipo ilipotoka ile habari yenu ya mchunga farasi, alisema. Ni blanketi tu. Bibi mkubwa wa jumba lile alikuja mwenyewe mpaka langoni. Hakuuliza mtoto ni wa nani. Aliuliza kama ana njaa.

"Aliyejua jina la baba yake angeweza kulitaja," Leontia akasema. "Na waliokuwa wanawatafuta watoto wa jina hilo walikuwa wanakula ukumbini, ukuta kwa ukuta na sisi. Basi tukamnyima jina, tukamwachia shingo."

Akaniambia yule bibi mkubwa alianza kumwita "mpwa wangu", na watu wakazoea, na makarani wakaandika. Wale waliojua zaidi wamekufa bila kusema. Yeye alipewa kumlea tu. Hajui, na hajawahi kujua, kama Malkia wa nchi hii ni mtoto wa Kaisari au wa mwizi.

Nikamwambia basi kesho aseme hivyo hivyo, kwamba hajui. Akasema hapana. Kesho atashika chuma na ataapa kwamba Anthusa ni binti wa Kaisari. Nikamwambia huo utakuwa uongo, tena mbele ya Mungu.

"Ni uongo wangu," akasema. "Nimeunyonyesha mwenyewe."

Hapo ndipo Mama aliposema, uso bado ukutani, sauti kama ya mtu anayeuliza habari za mvua: "Mtoto alikuwa analia?"

Leontia aligeuza kichwa kumtazama. Nadhani alikuwa anatafuta tusi, akalikosa. Akasema, "Hapana. Alikuwa amekwisha jifunza."

Jioni Mama alikataa mchuzi. Nilipomfunika aliniuliza kama ni kweli wewe ndiye uliyetoa agizo la chuma, wewe mwenyewe kwa mdomo wako, au ni Esiko aliyejiongezea. Nikamwambia Esiko hajui kujiongezea. Akafumba macho.

Asubuhi, baada ya Misa, walimtoa Leontia na kiti chake mpaka uani. Makaa yalikuwa yameiva na chuma kilikuwa ndani yake. Watawa wamesimama makundi mawili kama kawaida yao. Leontia alikuwa amekunja mkono wa vazi lake mpaka kiwikoni na anamwambia Padri aharakishe kwa sababu kuna upepo. Padri akaanza kubariki chuma.

Nikasikia fimbo kwenye mawe nyuma yangu. Ni Mama. Tangu Pasaka hajavuka kizingiti cha chumba kile bila watu wawili kumshika, na siku ile alikuja na fimbo tu, miguu imevimba, hana viatu maana haviingii. Watu wako walimpigia goti. Ricburg akamwendea haraka akamwambia kwa adabu kwamba hapa baridi, na shauri hili si lake.

Mama akampita. Akasimama kati ya kiti cha Leontia na moto, akamtazama Esiko.

"Kama chuma hiki kimekuja kutafuta baba za watu," akasema, "kianze na mimi. Nipe, Esiko. Niulize nani. Wewe ulikuwepo."

Akanyoosha mkono.

Nimemfahamu Esiko tangu alipokuwa kijana wa zizini kwa Baba, na sijawahi kumwona akiogopa kitu. Siku ile rangi ilimtoka mpaka midomoni. Ricburg alikuwa anauliza huku na huku Bibi anasema nini. Esiko alitazama mkono ule wa Mama, kisha akainua ndoo ya maji iliyokuwa pale kwa ajili ya kupozea chuma, akaimwaga yote juu ya makaa. Mvuke ulitufunika sote. Ulipotawanyika alikuwa amekwisha geuka kwenda kwa farasi. Padri Bruning alimfuata akiwa ameacha hata kigoda chake. Kimebaki huku, mwambie akitaka akifuate.

Sasa nimefika mahali ambapo Mama aliniagiza nifike. Yeye hajui kuandika, na alisema hili hawezi kukwambia uso kwa uso, kwa sababu utamkatiza kabla hajafika nusu. Kama kuna mtu chumbani, mtoe.

Unajua kwamba Baba alitekwa na Wawendi, adui zetu wa ng'ambo ya mto Elbe, na kwamba alikaa kwao siku nyingi kabla hajakombolewa. Hilo huimbwa mezani kwako. Halijaimbwa kwamba alikaa kule majira mawili ya baridi, yote mawili kamili, na kwamba aliporudi alikukuta wewe, na ulikuwa na meno mawili.

Nilikuwa msichana wa kupeleka kuni ndani, nilikuwepo ukumbini, nikaona kila kitu nisielewe. Baba aliingia amekonda, ndevu mpaka kifuani. Watu wote walisimama na hakuna aliyekwenda kumkumbatia. Wewe ulikuwa kwenye kitanda chako karibu na moto. Mama alikuwa mbele yako, ana kisu cha mkate mkononi, na nilidhani alikuwa anakata mkate. Sasa ameniambia hakuwa anakata mkate.

Baba alimwuliza jina lako. Mama akalitaja. Baba akampita, kisu na vyote, akainama, akakunyanyua juu mpaka watu wa mwisho mlangoni wakuone. Mlangoni alikuwa Esiko. Baba akasema, na maneno haya nayakumbuka kwa sababu nilidhani ni sala: "Amezaliwa chini ya paa langu, ni wangu. Mwenye kuhesabu miezi aje aihesabu mbele yangu."

Hakuna aliyehesabu. Siku ile hakuhesabu mtu, wala Baba alipokuweka mbele yake juu ya farasi, wala alipokupa upanga, wala alipokufa na wewe ukakaa kwenye kiti chake. Esiko amekaa na jambo hili umri wako wote, amekula mkate wako na kupokea makofi yako, na hajalihesabu.

Mama hakuniambia yule mtu alikuwa nani, wala kama alitakiwa au hakutakiwa. Sikumwuliza. Aliniambia jambo moja tu zaidi, kwamba miaka yote hii alikuwa anamcheka yule Malkia Mgiriki kwa sauti kubwa ili asiwasikie watu wakimcheka yeye, na baadaye akagundua kwamba hakuna aliyekuwa anamcheka. Kisha aliniomba nimgeuzie mto.

Najua unavyosoma haya. Umesimama. Umekwisha anza kutafuta mtu wa kumpiga. Kaa chini, Dedi, sijamaliza.

Nenda kwenye baraza lako. Ukitaka kumpinga Malkia, mpinge. Mwulize kuhusu mashamba aliyowapa maaskofu, mwulize kuhusu ushuru wa chumvi, nami mawe mengine nitakuokotea. Lakini usifungue mdomo kuhusu baba yake. Nyie mabwana mnaosema nchi ishikwe na watu wa damu inayojulikana, mnajulikana na nani? Mnajulikana na mama zenu, na mama zenu wananyamaza. Mmejengewa kumbi juu ya kunyamaza huko, halafu mnatuma chuma kiende kikawapasulie wanawake wazee midomo.

Esiko hatasema. Mama amekwisha sema, na hatarudia. Mimi nimeandika mara moja, na ukimaliza kusoma ukaitupa barua hii motoni, sitakulaumu. Ila ukisimama mbele ya watu ukaanza kuhesabu miezi ya mtu mwingine, nitakuja kwa miguu kutoka Markesrode, nisimame upande wa pili wa baraza, na nihesabu ya kwako kwa sauti. Unajua nina sauti. Usije ukajidanganya kwamba nakutisha kwa upendo. Nimekasirika, na nitakaa na hasira hii siku nyingi. Ulituma watu wakachome mkono wa mzee aliyelala hatua mbili kutoka kitanda cha mama yako.

Habari nyingine si nyingi. Ricburg hasemi nami, na nashukuru. Leontia anadai kwamba Mama alimharibia kifo kizuri, na hatamsamehe. Dirisha sasa hufunguliwa asubuhi na kufungwa adhuhuri, na bado wanagombana kuhusu adhuhuri ni saa ngapi. Tufaha zilizobaki ni nzuri; nakutumia kapu moja kwa ajili ya watoto, zile nyekundu ndogo anazopenda mkubwa.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako. Mwambie mkeo asilale na kikohozi kile, achemshe mizizi niliyompa. Mungu akurudishie bega, na akili.

Na hizi ndizo salamu za Mama, kama alivyozitamka. Anasema Baba yako alikuwa mtu mkali mwenye makosa mengi, lakini siku ile alipokunyanyua, mkono wake haukutetemeka, na kwa hilo yeye Mama alimvumilia mengine yote. Anasema barazani watu wakitaka kujadili baba, waache wajadili mpaka jua lizame, hawatafika. Lakini wewe amekuzaa yeye, alfajiri, mvua ikinyesha, na uligoma kutoka. Hilo halina mbishi, na mwenye shaka aje Markesrode amwulize.

Nami nakuaga hapa, kwa hasira yangu na kwa damu ninayoijua,

dada yako wa tumbo moja,
Frederun